Diski ya Kompyuta Inapoanza Kuugua

Kompyuta sasa imeingia katika nyumba nyingi, lakini wengi wetu hatujui kuitazama inapougua. Likizo iliyopita nilipata fundisho juu ya jambo hilo, nami naona si vema nikae nalo peke yangu.

Mama yangu ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana. Hesabu zao zote zimo katika kompyuta kuukuu iliyoko sebuleni kwetu. Jioni moja aliniita akasema, "Mwanangu, mashine hii leo inagonga ndani, na hesabu za Machi zinafunguka kwa shida. Fedha za watu zimo humo. Nitawatazama kwa uso gani?"

Yafaa kwanza tujue diski ngumu ni kitu gani. Ndani yake mna sahani zinazong'aa, ambazo aghalabu huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kidogo husoma na kuandika juu yake kwa nguvu za sumaku. Kichwa hicho hakigusi sahani, bali huelea kwa nafasi iliyo nyembamba mno kuliko unywele. Kikigusa, hukwaruza, na kilichoandikwa pale hupotea. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, na ukubwa wake ni kama kabati.

Dalili za ugonjwa ni hizi: kompyuta kuganda kila ufunguapo faili fulani, faili kukataa kufunguka, na mlio wa kugonga-gonga. Lakini kuganda huweza kuletwa pia na waya uliolegea au diski iliyojaa, na hata mlio huweza kutokana na umeme haba. Kwa hiyo mtu asiseme "diski imekufa" kabla ya kupima.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwa haraka ya kumfurahisha Mama, niliiamuru kompyuta ikague diski nzima na kuirekebisha. Ikafanya kazi usiku kucha, na kugonga kukazidi. Asubuhi hesabu za Machi hazikufunguka tena kabisa. Nilikuwa kama mtu anayemkimbiza mgonjwa mbio ili ajue kama ana nguvu.

Nilimpigia simu mwalimu wetu wa kompyuta, naye akanipa utaratibu ufuatao:

Kwanza, nakili kabla ya kupima. Anza na vitu visivyopatikana tena, kama hesabu na picha za jamaa. Sinema na nyimbo ziwe mwisho. Nakala iwekwe katika diski nyingine, wala usiongeze kitu kipya katika ile inayougua. Ikiwa inagonga mfululizo na haisomeki hata kidogo, izime, umpelekee fundi wa kuokoa data.

Pili, soma kumbukumbu za diski yenyewe, ziitwazo SMART. Katika Windows programu ya CrystalDiskInfo huzionyesha, na katika Linux ni smartctl. Tazama mistari minne: namba 5 ni sekta mbovu ambazo kazi yake imehamishiwa kwingine, 197 ni sekta zilizoshindikana kusomwa, zinazongoja kuamuliwa, 198 ni zile zilizokutwa hazisomeki wakati wa ukaguzi, na 199 ni makosa ya njiani baina ya diski na kompyuta. Angalia pia mtindo wa hesabu: CrystalDiskInfo aghalabu huhesabu kwa kumi na sita, hivi kwamba 10 maana yake ni 16.

Tatu, linganisha siku kwa siku. Ikiwa 199 peke yake inapanda, badili waya. Hesabu haitarudi nyuma, lakini itakoma kupanda. Ikiwa 5 na 197 zinapanda, diski inakufa. Yetu ilikuwa na 24 katika mstari wa 197 siku ya Jumatatu, na Jumatano ikawa 56; mstari wa 199 ulikuwa 0. Basi waya haukuwa na kosa.

Nne, usidanganywe na neno "nzuri" litolewalo na programu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walieleza habari za diski zaidi ya 100,000, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa za SMART. Kinga ya kweli ni nakala.

Tulinunua diski mpya, na hesabu zote zikaokoka isipokuwa za Machi. Mama aliwaita wenzake waje na risiti zao, tukaziandika upya kwa siku mbili. Risiti za mama mmoja zilikuwa zimeliwa na mchwa; Mama akalipokea neno lake, akaandika kiasi alichotajiwa. Niliona haya, kwa sababu kosa lilikuwa langu na imani ilikuwa yao.

Tangu hapo kila Ijumaa hunakiliwa hesabu mara mbili, na nakala moja hukaa nyumbani kwa katibu. Nanyi wenzangu, mwendapo likizo, zitazameni kompyuta za nyumbani zingali nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano