Kalamu Moja, Waandikaji Wawili: Foleni Isiyopoteza Tukio

Muhula uliopita nilimlaumu mwenzangu bure. Tulikuwa wawili kwenye mradi wa kutengeneza dibaga, yaani programu inayoichunguza programu nyingine inapoendeshwa: inaisimamisha kwenye mstari unaoutaka, inakuonyesha vigeu vina thamani gani, halafu inaiachia iendelee. Yeye aliandika programu ndogo za majaribio, mimi nikaandika dibaga yenyewe.

Siku moja dibaga ikagoma. Kwenye kioo ikawa inasema "inaendelea, inaendelea" kwa programu ambayo ilitakiwa kumaliza ndani ya sekunde moja. Nikamwambia, "Kitanzi chako hakina mwisho, kaangalie." Maskini, akakesha siku mbili akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Kosa lilikuwa kwangu, kwenye foleni.

Ndugu msomaji, hata kama husomi kompyuta, usifungue ukurasa mwingine. Hili jambo utalielewa ukiwahi kula chipsi Ng'ong'ona.

Chukulia kibanda cha chipsi saa mbili usiku. Vijana wawili wanapokea oda za wateja, mmoja anakaanga. Katikati kuna daftari. Wapokeaji wanaandika chini, mkaangaji anasoma kuanzia juu. Hiyo ndiyo foleni: aliyetangulia kuandikwa ndiye anayetangulia kuhudumiwa.

Dibaga yangu ilikuwa hivyo hivyo. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi kadhaa, yaani njia kadhaa za utendaji zinazokwenda kwa wakati mmoja. Uzi wa kwanza ulisubiri matukio: programu imefika kwenye kituo, imepata hitilafu, imemalizika. Uzi wa pili ulisoma maneno ambayo programu inachapisha. Wa tatu ulihudumia kioo na vitufe. Kwa nini nisitumie uzi mmoja tu? Kwa sababu uzi unaosubiri tukio haufanyi kingine, kioo kingeganda. Tena kwenye Windows, uzi ulioianzisha programu inayochunguzwa ndio pekee unaoruhusiwa kusubiri matukio yake. Kwa hiyo foleni haikwepeki.

Sasa tatizo. Wapokeaji wawili wanaangalia daftari kwa pamoja. Kila mmoja anaona mstari wa 7 uko wazi. Wa kwanza anaandika "chipsi mayai", wa pili anaandika juu yake "chipsi kuku". Wote wawili wanaondoka wakiamini wameandika. Mteja mmoja atakaa mpaka kibanda kifungwe.

Kwangu ilitokea hivyo hasa. Programu ikifika mwisho huchapisha neno la mwisho na kufunga karibu kwa wakati mmoja. Nyuzi mbili zikasoma nafasi ile ile, na neno la mwisho likaandikwa juu ya tukio la "imemalizika". Kioo hakikupata habari. Na ubaya wake, kosa halikutokea kila mara. Nilipoongeza mistari ya kuchapisha ili nilikamate, likapotea kabisa, maana kuchapisha kulibadilisha mwendo wa nyuzi.

Dawa yake ina sheria nne.

1. Kalamu iwe moja. Asiye na kalamu haandiki, na hata kusoma hasomi. Kwenye kompyuta kalamu hiyo tunaiita kufuli. Uzi unachukua kufuli, unaweka tukio, unaachia. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alichapisha suluhisho la tatizo hili mwaka 1965, kwa hiyo si jambo la juzi.

2. Daftari likiwa tupu, lala, lakini rudisha kalamu kwanza. Mkaangaji akichungulia daftari kila sekunde, anachoka bure na chipsi zinaungua. Akilala na kalamu mkononi, hakuna atakayeweza kuandika oda ya kumwamsha. Kibanda kizima kinakwama. Kwa hiyo kunakuwa na kengele: anayeandika anaigonga. Kulala na kuachia kufuli lazima viwe tendo moja. Vikitengana, tukio linaweza kuingia hapo katikati, kengele ikalia kabla hujalala, nawe ukalala usiamshwe.

3. Ukiamka, angalia tena. Usiandike "kama foleni ni tupu, lala"; andika "wakati foleni ni tupu, lala". Uzi unaweza kuamshwa bila sababu, au mwingine akawahi kulichukua tukio.

4. Usikaange ukiwa na kalamu. Chukua tukio, achia kufuli, ndipo ulishughulikie. Mimi nilikuwa nachora kioo nikiwa nimeshika kufuli. Uchoraji ule ukataka kuweka tukio jipya kwenye foleni ile ile. Uzi ukawa unajisubiri wenyewe. Hapo hata usubiri mpaka asubuhi.

Kuna jambo la tano kwa dibaga peke yake. Programu ikisimama kituoni, inabaki pale mpaka iambiwe iendelee. Amri hiyo inatoka kwenye kioo kurudi kwenye uzi unaosubiri matukio. Kwa hiyo nilihitaji foleni ya pili, ya kurudi, kwa sheria zile zile.

Tuliandika kwa C++, ambayo tangu toleo la 2011 ina kufuli na kengele ndani ya maktaba yake. Java na Python zina foleni za namna hii tayari, na kazini ni busara kuzitumia. Ila kuijenga mara moja kwa mkono kunakufundisha kwa nini zipo.

Kipimo changu kilikuwa rahisi. Waandikaji wawili, kila mmoja matukio 100,000 yenye namba. Msomaji lazima ahesabu 200,000 kamili, na namba za kila mwandikaji zije kwa mpangilio. Kabla ya kufuli, hesabu ilipungua. Baada ya kufuli, ikatimia, nikairudia tena na tena. Kufaulu mara nyingi si uthibitisho kwamba hakuna kosa, lakini kufeli mara moja kunatosha kujua lipo.

Mtu atasema haya ni mambo ya maksi tu. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwazidishia dozi angalau wagonjwa sita huko Marekani na Kanada, na baadhi walifariki. Miongoni mwa sababu zilizopatikana ni kazi mbili za programu kugongana kwenye kumbukumbu moja.

Dibaga ni shahidi. Unaiamini ikuambie kosa liko wapi, na shahidi akipoteza neno moja, asiye na hatia anahukumiwa. Nilimwomba mwenzangu radhi. Alicheka, akadai chipsi mayai, nikamlipia boom lilipoingia.

Nikienda TP nitalifundisha hili bila kompyuta. Nawe jaribu leo usiku hosteli: watu watatu, daftari moja, kwanza kalamu mbili, halafu kalamu moja. Hesabuni oda zilizopotea.