SOMO LA HAKIMU NA MTAWALA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu hili ni juu ya hakimu na mtawala. Ewe msomaji, shika jambo moja: hukumu haiwi ya haki kwa wema wa hakimu peke yake. Huwa ya haki pale hakimu asipokuwa na sababu ya kumcha mtawala, hata mtawala mwenyewe akiwa mmoja wa wagombanao.

Tuweke mfano. Mtu wa Rasbura, hapa Lindi, ana minazi aliyorithi kwa babaye. Akaja mtu wa serikali akaitwaa pasipo bei wala idhini. Mwenye minazi ataka kushitaki. Je, atakwenda kwa nani? Na tumfuate katika zama mbalimbali.

ZAMA ZA WADACHI. Mkuu wa boma aliyetoza kodi na kuamrisha kazi, ndiye pia aliyewahukumu wenyeji. Amri ya mwaka 1896 ilimruhusu kuwapiga kiboko na kuwafunga minyororo. Hukumu ya kifo tu ndiyo iliyongoja idhini ya Gavana, naye Gavana ni mtawala vilevile. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje, na waliopigana naye ndio waliomhukumu. Watu wangali wakipajua mahali pale kwa jina la Mwembe Kinyonga. Na mwezi wa Agosti 1905, mwanzo wa vita vya Maji Maji, Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro kwa njia iyo hiyo. Hatusemi hapa nani alikosa na nani hakukosa. Twasema kwamba mshitaki na hakimu walikuwa mtu mmoja. Basi mtu wetu wa Rasbura angekuwa amepeleka kesi ya ngedere kwa nyani.

ZAMA ZA WAINGEREZA. Hapo palikuwa na Mahakama Kuu yenye majaji wake. Lakini sheria ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama za wenyeji katika uangalizi wa majaji hao. Asiyeridhika na hukumu alikata rufaa kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mlango ulikuwapo, lakini kila aufunguaye alimkuta mtawala yuleyule ameketi ndani.

BAADA YA UHURU. Sheria ya mwaka 1963 iliziunga mahakama zote katika mlolongo mmoja, kutoka mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu, na wakuu wa wilaya wakavuliwa kazi ya kuhukumu. Hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini mwaka uliotangulia, 1962, ilikwisha pitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini kwa amri ya Rais pasipo mashitaka, na ndani yake mliandikwa kwamba amri hiyo haitahojiwa na mahakama yoyote. Basi jaji alikuwa huru, lakini alikuwa amefungiwa mlango nje. Na Unguja zikawekwa Mahakama za Watu, wahukumu wake si wanasheria, na mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Katika mahakama hizo ndimo walimohukumiwa, tangu mwaka 1973, walioshitakiwa kwa kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972, na wengine walipewa hukumu ya kifo. Mahakama hizo zilikoma mwaka 1985.

Leo Katiba, kwa ibara iliyotiwa mwaka 2000, yasema mahakama ziwe huru katika kutoa haki. Na jaji haondolewi kwa hasira ya mtu; sharti kwanza iundwe tume ya kumchunguza. Hayo ni maandiko mema, lakini maandiko hulindwa na watu.

MFANO WA WAKUBWA WETU. Khalifa Abu Jaafar al-Mansur alimtaka Imam Abu Hanifa awe kadhi. Imesimuliwa kwamba Imam alisema hafai, na Khalifa akamwambia, wasema uwongo. Imam akajibu kwamba ikiwa ni mwongo, basi mwongo hafai kuwa kadhi. Akatiwa kifungoni, na akafariki mwaka 150 wa Hijra. Lakini mwanafunzi wake Abu Yusuf alikubali, akawa Kadhi Mkuu katika zama za Harun al-Rashid. Basi tusimlaumu kila akubaliye kazi hiyo. Nchi isiyo na kadhi mwema itapata kadhi mbaya. Ila aliyekubali na ajiulize kila asubuhi: leo nikimhukumu aliyeniajiri, je, nitalala nyumbani?

Nawe usiye hakimu una wajibu wako. Usifurahi mahakama inapomwonea adui yako kwa amri ya mkubwa, maana mlango uliofungwa mbele yake hautakufungukia wewe siku ya minazi yako.

MASUALI
1. Kwa nini wema wa hakimu hautoshi?
2. Rufaa ya mwaka 1929 ilikuwa na upungufu gani?
3. Lipi zito zaidi: hakimu mwenye hofu, au hakimu aliyefungiwa mlango?

Mwenyezi Mungu atujaalie mahakimu wasiomcha ila Yeye. Amin.