Somo la nyumbani: waya, nyaya na paipu zake

Leo tunabaki ukutani. Tazameni swichi iliyo karibu nanyi. Waya unaoileteа umeme unapita wapi, na je, uko ndani ya paipu?

Kwanza sarufi kidogo. "Waya" ni neno lililotoka Kiingereza, ila Kiswahili kimelilea kama mtoto wa nyumbani: waya huu, nyaya hizi, sawa na waraka na nyaraka.

Kwetu Afrika Mashariki nyumba nyingi ni za matofali. Fundi umeme hutindua ukuta kwa tindo, hulaza paipu ya plastiki, kisha huvuta nyaya ndani yake. Hana hiari, maana nyaya hizo kwa kawaida zina ganda moja tu juu ya shaba. Waya wa ganda moja haulazwi wazi ukutani, hapa wala kule: mkwaruzo mmoja unatosha kuiacha shaba wazi. Tena waya ukiharibika, huvutwa ukatolewa na mwingine ukapitishwa bila kubomoa ukuta.

Hapa Uingereza nyumba nyingi zina kebo bapa, mara nyingi ya kijivu. Ndani mna waya wa kahawia, waya wa buluu na waya wa ethi, na juu yake ganda la pili linalozifunika zote. Kwa hiyo kebo hiyo huruhusiwa kulazwa chini ya plasta bila paipu. Mkiona imefunikwa kwa plastiki nyembamba, jueni hiyo ni ya kuikinga na mwiko wa fundi wa plasta (ndiyo, mwiko, jina lilelile la mwiko wa ugali). Drili haiizuii.

Ndiyo maana kuna kanuni. Kebo iliyo chini ya milimita 50 kutoka uso wa ukuta ipite wima au mlalo, moja kwa moja kutoka swichi au soketi, au iwe ndani ya milimita 150 kutoka dari au kona ya kuta mbili. Pia iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampea 30. Ikitoka nje ya njia hizo, inahitaji kinga ya kweli, kwa mfano paipu ya chuma iliyoungwa na ethi. Wenye ndugu Chicago waulizeni: huko paipu za chuma ni jambo la kawaida majumbani.

Basi wazazi, msipigilie msumari juu, chini wala ubavuni mwa swichi. Hata mkienda likizo nyumbani, paipu ya plastiki haizuii drili.

Zoezi: Babu anataka kutundika saa juu ya swichi ya sebuleni. Mwandikieni sentensi tatu za heshima kumwomba aisogeze. Tumieni "nyaya", "ukuta" na "paipu". Mje nazo Jumamosi.