Jina la Mtoto Lisikukoseshe Usingizi

Mdogo wangu wa Machame, umejifungua juzi tu, mtori wa uzazi hata hujauchoka, na tayari unalia kwa sababu ya jina. Umemwita mwanao Lea, jirani akaja kukuambia kwamba Lea ni "aliyechoka", eti mtoto atakuwa na maisha mazito. Futa machozi. Wajuzi wa Kiebrania wenyewe hawajakubaliana: wapo wanaosema ni uchovu, wapo wanaosema ni ng'ombe jike. Raheli, mdogo mtu aliyesifika kwa uzuri, ni kondoo jike! Watu wa mifugo hao, ulitaka waitane nini? Debora ni nyuki, na ndiye aliyekaa chini ya mtende akiwaamua Waisraeli. Halafu Lea huyohuyo alimzaa Yuda, na kwa Yuda akatoka Daudi. Hilo jirani hakukuambia, au siyo?

Sisemi maana ni bure. Wengi wenu mnachagua jina kwa utamu wake mdomoni. Mnapenda Mara: fupi, tena mkoa tunao. Lakini Mara ya kitabu cha Ruthu ni uchungu. Naomi alijiita hivyo baada ya kuzika mume na wana wawili ugenini Moabu. Soma kisa chote kwanza, ndipo kadi ya kliniki ijazwe.

Ninalokugombezea ni jingine. Mama mkwe alitaka mtoto aitwe Aikaeli, jina lake, ukajibu kwamba hilo ni la kishamba, wewe unataka la Biblia. Jamani! Kwanza, kwetu binti wa kwanza hubeba jina la bibi mzaa baba, na wewe unajua. Pili, hiyo Eli ni Mungu kwa Kiebrania, ndiyo iliyo mwanzoni mwa Elisabeti. Wamisionari wa Leipzig walifika hapo kwenu mwaka 1893. Wachaga waliopokea Injili wakaichukua Eli, wakaiunga na aika yetu, asante. Ndugu zao wengine wakamshukuru Mungu kwa jina la nyumbani, Ruwa, wakaitana Aikaruwa. Shukrani ni ileile.

Ubatizo bado, nafasi ipo. Abebe yote mawili, Aikaeli Lea, hayagombani. Na huyo uliyemjibu vile ndiye anayekupikia huo mtori. Leo akileta bakuli, muombe radhi kwa mdomo wako, umuulize na yeye alirithi jina kwa nani. Mambo ya kutafutana na jani la isale, lile la kuombea msamaha, bado hayajafika huko.