SOMO: HERUFI ZA STENSILI KWA MALI YA KIKUNDI



Vikundi vingi vya Migori na Homa Bay vina viti, hema na sufuria kubwa za kukodisha wakati wa matanga na harusi. Mali hii huingiza pesa, lakini pia huleta maneno. Viti hamsini vinatoka, vinarudi arobaini na sita, na vinne kati yake si vyenu. Mweka hazina anaulizwa, anakasirika, watu wananung'unika. Wengine wameacha kuja mikutano kwa sababu ya viti tu! Basi leo tujifunze kuweka alama ambayo mtu yeyote anaisoma kwa mbali.

STENSILI NI NINI?

Hapa hatusemi ile karatasi ya nta ya taipureta. Tunasema kibao au karatasi ngumu iliyotobolewa herufi. Unaiweka juu ya kitu, unagonga rangi, unainua, jina limebaki. Mmeyaona maandishi ya aina hii kwenye magunia na masanduku ya mizigo. Faida yake ni kwamba kiti cha kwanza na cha mia vinafanana, hata kama aliyepaka hana mwandiko mzuri.

TATIZO LA VISIWA

Chukua herufi O. Ukikata duara la nje na la ndani, kile kipande cha katikati kinaanguka chini. Ukipaka rangi unapata doa, si O. Kipande hicho tukiite kisiwa. Kisiwa lazima kiwe na daraja, kama vile Rusinga ilivyounganishwa na Mbita. Daraja ni ukanda mwembamba usiokatwa, unaoshika kisiwa kisianguke.

Herufi zenye visiwa ni A, B, D, O, P, Q na R. B ina viwili. Katika namba ni 0, 4, 6, 8 na 9, na 8 ina viwili. Sasa hesabuni: jina MIGORI lina visiwa 2, lakini HOMA BAY lina 5. Ndiyo maana herufi za stensili huwa na mikato ile. Wengi hudhani ni urembo, kumbe ni kazi. Mwaka 1937 huko Marekani zilitolewa aina mbili za herufi za matbaa zilizoitwa Stencil, zikiiga mikato hiyo hiyo.

KUCHORA KWA KOMPYUTA

Kama kuna kijana kikundini anayejua kompyuta, mpeni kazi hii. Programu ya Inkscape hupatikana bure. Inachora kwa mistari, kwa hiyo jina likikuzwa haliharibiki. Afuate hatua hizi:

1. Aandike jina kwa herufi kubwa, nene, zisizo na mapambo. Liwe lile lile lililo kwenye cheti cha usajili. Watu wawili wasome tahajia kabla ya kuendelea.

2. Ageuze maandishi yawe michoro: Ctrl, Shift na C. Asipofanya hivyo, kompyuta ya fundi ikikosa aina ile ya herufi itaweka nyingine. Kisha atenganishe herufi kwa Ctrl, Shift na G, na aziunganishe ziwe mchoro mmoja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha.

3. Achore mistatili myembamba juu ya herufi mahali pa madaraja. Kila mstatili uanzie ndani ya kisiwa, uvuke unene wa herufi, utokee nje. Kwa herufi ya sentimita 5, daraja la milimita 3 linatosha. Kila kisiwa kipewe madaraja mawili, juu na chini, kisicheze.

4. Aunganishe mistatili yote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Halafu achague mistatili pamoja na herufi, abonyeze Ctrl na alama ya kutoa. Madaraja yamepatikana.

5. Apake herufi nyeusi na kupima: weupe wote ulio ndani ya herufi uwe na njia ya kutoka nje. Pakifungwa, hapo pataanguka.

KUKATA

Kwa mashine ya leza, fundi huhitaji mistari myembamba tu, bila rangi ndani, na vipimo kwa milimita. Muulizeni anataka faili ya aina gani. Acheni ukingo wa sentimita 5 kuzunguka jina, rangi isichafue kiti. Manila nzito au plaiwudi ya milimita 3 hukatika vizuri. Lakini plastiki ya PVC msikubali ikatwe kwa leza hata kidogo, kwa sababu hutoa hewa kali inayoumiza mapafu na kula mashine.

Je, leza iko mbali? Jina moja fupi si lazima mlisafirishie mjini. Chapeni mchoro kwenye karatasi, ubandikeni juu ya manila, mkate kwa wembe na rula. Madaraja ni yale yale. Leza inafaa kama jina ni refu, au vijana wanataka kuifanya biashara ya kuandikia shule na vikundi vingine.

KUPAKA

Brashi iwe karibu kavu, na mgonge, msiburute. Rangi nyepesi hupenya chini ya stensili. Mbao na chuma hushika vizuri. Kiti cha plastiki ni kigumu: rangi hubanduka. Kisugueni kwanza kwa msasa na kukifuta vumbi.

NENO LA MWISHO

Alama haizuii mwizi, lakini inamaliza ubishi. Kando ya jina wekeni namba, 1, 2, 3, na mwandike kila namba kwenye rejista ya mali. Viti vikitoka, mteja aweke sahihi kwa namba hizo. Hapo hata mweka hazina atalala usingizi. Faili ya mchoro ikae kwa katibu, na nakala ya pili kwa mwenyekiti.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Jina la kikundi chetu lina visiwa vingapi?
2. Ni mali gani iwekwe alama kwanza, na kwa nini?
3. Nani atatunza stensili, na nani atatunza rejista? Je, ni vizuri awe mtu mmoja?
4. Tukikuta kiti cha kikundi kingine kwetu, tutafanya nini?