Jua haki zako ukiwa Ujerumani: Bahasha ya njano haingoji

Bahasha yenyewe ni ya njano, haina mapambo, na haimngoji mtu arudi nyumbani. Mpeleka barua wa Ujerumani akibisha asipate mtu, huandika tarehe juu ya bahasha, huitumbukiza kwenye sanduku la barua, kisha huyo anaenda zake. Kisheria barua imeshafika. Mwenye jina awe zamu ya usiku, awe hajui Kijerumani, siku zimeanza kuhesabiwa.

Kwa mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Bujumbura, jambo hili ni geni kuliko hata ile baridi. Nyumbani mambo mazito huja kwa mdomo. Mwenye nyumba hubisha mlango mwenyewe, karani hupiga simu, na mdaiwa huenda ofisini akaomba kuonana na mkubwa ajieleze. Ujerumani maelezo ya mdomo hayafiki mbali mpaka yawe karatasi, na karatasi ikichelewa haisomwi. Haki za mgeni ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, lakini karibu kila moja imefungwa kwenye tarehe.

Wanaoguswa na jambo hili wanaongezeka. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamaji na ajira, mbele ya Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz. Vijana wanakwenda kama au pair, kama wanafunzi wa vyuo, kama wauguzi, na kama wanagenzi wa mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung. Wengi hujiandaa kwa lugha na nauli. Wachache hujiandaa kwa karatasi.

Jina kwenye sanduku

Anayehamia kwenye makazi Ujerumani ana wiki 2 za kujiandikisha katika ofisi ya wakazi. Zoezi hili huitwa Anmeldung, na bila hilo mambo mengine hukwama, kuanzia namba ya kodi hadi, mara nyingi, akaunti ya benki. Mwenye nyumba analazimika kisheria kumpa mpangaji hati ya kuthibitisha kwamba amehamia, si hisani. Kwa kuwa nyumba ni adimu katika miji mikubwa, kuna watu wanaouza anwani za uongo kwa wageni. Anayetoa anwani ya namna hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000, na mgeni aliyeinunua hubaki na anwani ambayo barua zake hazimfikii.

Hapo ndipo kosa dogo huzaa deni kubwa. Mtu anakaribishwa na jamaa yake, anajiandikisha vizuri, lakini jina lake halibandikwi kwenye sanduku la barua. Mpeleka barua asipoona jina, hurudisha barua. Kadi ya bima inarudi, miadi ya ofisi ya wageni inarudi, na ofisi nazo hazijui kwamba mhusika amelala ghorofa ya 3 akisubiri hizo hizo barua. Kipande cha karatasi chenye jina, hata kikibandikwa kwa gundi, kinamaliza tatizo.

Kwenye nyumba kuna haki nyingine inayofaa kushikwa mapema. Dhamana anayodai mwenye nyumba haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za maji na kupasha joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Anayetakiwa kulipa yote siku ya kwanza anaweza kutaja sheria hiyo bila woga.

Bima ipi ni ya lazima, ipi ni ya hiari

Bima ya afya ni lazima kwa kila mkazi. Kwa aliyeajiriwa, mchango wa kawaida katika mifuko ya umma ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia, na mwajiri hulipa nusu. Kuchagua mfuko ni haki ya mfanyakazi, si ya mwajiri wala wakala aliyemleta. Mume, mke na watoto wanaoishi naye Ujerumani, wakiwa hawana kipato au kipato chao ni kidogo, huingia katika bima hiyo hiyo bila mchango wa ziada. Kwa au pair, gharama ya bima ni ya familia mwenyeji, na haikatwi kwenye posho yake.

Mtego mkubwa uko kwa wanafunzi. Bima za bei nafuu wanazouziwa wageni kwa ajili ya viza hutosha kwa siku za mwanzo, lakini huacha magonjwa mengi nje. Mwanafunzi wa chuo aliye chini ya miaka 30 anaweza kuingia katika bima ya umma kwa mchango wa wanafunzi. Akiamua badala yake kubaki na bima binafsi, huomba kuondolewa wajibu huo ndani ya miezi 3 ya kwanza, na ombi hilo likikubaliwa halifutiki kwa muda wote wa masomo. Sahihi aliyoiweka akiwa na miaka 20 na afya tele inamfunga hata mwaka wa nne, bima ikiwa imepanda bei na jino limeanza kuuma.

Halafu kuna bima isiyo ya lazima ambayo Wajerumani wengi wanayo: Haftpflicht, yaani bima ya kufidia hasara unayomtia mtu mwingine. Sheria ya nchi inasema anayemdhuru mwenzake kwa uzembe atalipa, na haikuweka kikomo. Mtu anaendesha baiskeli, anapita taa nyekundu, anamgonga mzee anayevunjika nyonga. Bila bima, gharama za hospitali na fidia zinaweza kumfuata miaka mingi. Kwa mtu mmoja bima hii kwa kawaida haifiki euro 100 kwa mwaka.

Nyingine nyingi zinaweza kusubiri. Mgeni mpya hutembelewa mapema na wauzaji wa bima, wakati mwingine watu wa kwao wanaomwita ndugu na kumtengea chai. Aliyetia saini kwa haya ana siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na siku 30 kama ni bima ya maisha, tangu alipopokea nyaraka za mkataba. Barua ya kujitoa haihitaji maelezo.

Jambo moja bima ya afya hailigusi kabisa ni msiba. Mifuko ya umma iliacha kutoa fedha za maziko mwaka 2004, na kusafirisha mwili hadi Kisumu au Moshi hugharimu maelfu ya euro. Ndiyo maana vikundi vya kufa na kuzikana vimehamia kwenye simu, na kila mwezi mchango fulani unazungushwa. Vikundi hivyo vinastahili katiba iliyoandikwa, ikitaja mweka hazina ni nani, akaunti ni ya nani na nani anafaidika, kwa sababu fedha zikipotea, makubaliano ya mdomo ni magumu kuyathibitisha mahakamani. Anayetaka uhakika zaidi aangalie bima inayotaja waziwazi kusafirisha mwili.

Kazi ikikatika

Chukua mfano wa muuguzi anayesoma kwenye WhatsApp kwamba asije tena kazini. Ujumbe huo haujamfukuza. Sheria ya Ujerumani inataka barua ya karatasi yenye sahihi ya wino. Ujumbe wa simu, barua pepe au maneno ya mdomo havivunji mkataba. Muuguzi huyo aandike kwamba yuko tayari kufanya kazi, na atunze ushahidi.

Barua halisi ikifika, kuna saa tatu zinazoenda kwa pamoja. Ya kwanza ni siku 3 za kujiandikisha katika wakala wa ajira kwamba anatafuta kazi, kama ajira inakoma ndani ya miezi 3. Ya pili ni wiki 2 za kuijulisha ofisi ya wageni, kwa sababu kibali chake kimefungamana na kazi ile. Ya tatu ni wiki 3 za kufungua kesi katika mahakama ya kazi, Arbeitsgericht. Zikipita, hata barua iliyojaa makosa huhesabika halali. Wengi huiacha haki hii wakihofia ada ya wakili, ilhali katika ngazi ya kwanza wakili si lazima: mtu huenda kwenye dawati la mahakama linaloitwa Rechtsantragstelle, anaeleza, na ofisa anamwandikia madai yake.

Mikataba ya mawakala nayo isomwe kwa miwani. Vifungu vinavyomtaka muuguzi arudishe maelfu ya euro akiondoka kabla ya muda si halali kila mara. Mahakama za kazi zimewahi kuvitupa vinapombana mfanyakazi kupita kiasi. Ushauri wa bure kwa wafanyakazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hutolewa na mradi wa Faire Integration. Kwa masuala ya vibali, bima na familia kuna ofisi za ushauri kwa wahamiaji zinazoendeshwa na Caritas, Diakonie na Msalaba Mwekundu, nazo hazitozi chochote. Mwenye kipato kidogo, katika majimbo mengi, anaweza kuomba cheti cha msaada wa kisheria katika mahakama ya wilaya, Amtsgericht, akaonana na wakili kwa euro 15.

Kupinga kwa wakati

Deni lisilojulikana linapodaiwa kupitia mahakama, bahasha ya njano hubeba karatasi iitwayo Mahnbescheid. Inatisha, ina jina la mahakama, lakini mahakama bado haijachunguza kama deni ni la kweli. Imepeleka tu madai ya anayedai. Ndani kuna fomu ya kupinga. Anayetia alama na kuirudisha ndani ya wiki 2 anamlazimisha mdai athibitishe. Akinyamaza, hufuata amri nyingine yenye wiki 2 za mwisho, na baada yake ni dalali wa mahakama.

Uamuzi wa ofisi ya serikali au wa mfuko wa bima una kawaida yake. Barua huhesabiwa imefika siku ya 4 baada ya kupostiwa, kanuni iliyoanza Januari 2025; kabla ya hapo ilikuwa siku ya 3. Aya ya mwisho hueleza mahali pa kupinga na muda, ambao kwa kawaida ni mwezi 1. Aya hiyo ikikosekana, muda hurefuka hadi mwaka mzima. Mfuko wa bima ukikataa matibabu, pingamizi halina ada, na hata kesi katika mahakama ya jamii, Sozialgericht, haimtozi mwenye bima gharama za mahakama.

Pingamizi huandikwa kwa Kijerumani, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi, na sentensi moja inatosha kusimamisha saa: "Hiermit lege ich Widerspruch ein", yaani kwa barua hii naweka pingamizi. Juu yake huwekwa jina, tarehe ya uamuzi na namba ya faili. Chini huwekwa sahihi. Sababu zinaweza kufuata baadaye, baada ya kupata mshauri. Barua pepe ya kawaida haitoshi, na simu ndiyo kabisa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kibali cha kuishi. Anayeomba kukiongeza kabla hakijaisha anabaki halali hadi ofisi iamue, na hupewa hati ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Aliyeomba siku moja baada ya kuisha ameingia katika mazungumzo magumu zaidi. Ofisi nyingi za wageni zimeelemewa na miadi huchukua miezi, kwa hiyo ombi lipelekwe kwa maandishi hata kama miadi haijapatikana.

Njia salama ni kupeleka barua mwenyewe na nakala yake, na kumwomba karani agonge muhuri wa tarehe kwenye nakala, au kuituma kwa rejista ya posta na kutunza risiti. Nakala, risiti na uamuzi wenyewe huwekwa kwenye faili moja. Bahasha ya njano nayo huingia humo badala ya kutupwa, maana tarehe ya mpeleka barua imeandikwa juu yake, na mshauri ataiuliza kabla ya kusoma barua iliyomo.