Neno «théâtre»: maana zake na namna ya kulitafsiri

Katika somo la tafsiri tulipewa sentensi hii ya Kifaransa: «Le territoire de Masisi a été le théâtre de combats.» Niliandika bila kusita: «Eneo la Masisi lilikuwa ukumbi wa mapigano.» Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa huko, akaniuliza kwa upole: «Ndugu, katika ukumbi huo watazamaji walikuwa akina nani?» Nilikosa jibu. Ndiyo sababu nimelichunguza neno hili.

Asili yake ni Kigiriki, *theatron*, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutazama. Kwa hiyo mwanzoni lilitaja mahali pa kutazamia, si mchezo wenyewe. Kilatini kililichukua, Kifaransa kikalirithi, na maana zikaongezeka. Nitazipanga tano.

1. Jengo. Hapa tuseme *ukumbi wa maonyesho*.

2. Sanaa. Tuna *sanaa za maonyesho* na *mchezo wa kuigiza*. *Igiza* limetokana na *iga*: Kigiriki kiliangalia jicho la mtazamaji, Kiswahili kinaangalia kazi ya mchezaji. Hapa Lubumbashi, kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha mji wetu, hata redioni, ambako hakuna cha kutazama.

3. Maandishi. Hii ni *tamthilia*, neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na *methali* na *mithili*. Hivyo «le théâtre de Shakespeare» ni tamthilia za Shakespeare, wala si ukumbi wake.

4. Chumba cha upasuaji. Kifaransa chetu hakisemi hivyo, lakini Wakenya, kwa njia ya Kiingereza, husema mgonjwa ameingizwa *thieta*. Zamani huko Ulaya wanafunzi wa udaktari walikaa kwenye safu za ngazi wakimtazama mpasuaji kazini. Chumba kimoja cha namna hiyo, cha mwaka 1822, kimehifadhiwa London. Mkongomani akipokea habari hiyo kutoka Nairobi anaweza kudhani ndugu yake amekwenda kutazama mchezo, kumbe yuko chini ya kisu.

5. Mahali pa tukio, hasa vita. Kifaransa kimezoea sitiari hii hata hakiisikii tena. Kiswahili bado kinaisikia: ukisema *ukumbi*, msomaji anaona viti, taa na watu wanaopiga makofi.

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni moja. Kabla ya kutafsiri «théâtre», najiuliza: je, kuna anayeigiza na kuna anayetazama? Wakiwepo wote wawili, nachagua kati ya maana ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wasipokuwepo, naliacha neno na kutaja jambo lenyewe.

Sentensi yangu nimeisahihisha hivi: «Mapigano yalitokea katika eneo la Masisi.» Ni fupi, haina pambo, na mwenzetu ameikubali. Waliokimbia makwao hawakuwa watazamaji, wala hawakuwa wakiigiza.